Msiba wa Mfua Majembe

Bwana Mifugo hakuvuka maji. Simaanishi aliogopa ziwa, maana samaki wa ziwa hilohilo aliwala, na sato akikaangwa vizuri alimtafuna mpaka mapezi. Namaanisha hakupanda chombo chochote cha kuelea, si mtumbwi, si kivuko, si meli ya Bukoba. Akiwa kijana serikali ilimhamishia Ukerewe, akaandika barua ya kukataa, na kwa kosa hilo akakaa miaka mitatu bila kupandishwa cheo. Ukimuuliza sababu, alijibu kama mtu anayekutajia kabila lake: "Kwetu hatuvuki maji, Fundi. Ni mwiko."

Fundi ni mimi. Nina cherehani mbili barazani pangu Kisesa, hatua chache kutoka barabara kuu, na kwa miaka kumi na moja huyu mzee alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Jina langu alilijua, la ubatizo na la nyumbani, lakini hakulitumia hata siku moja. Alisema majina tunagawiwa bure, kazi mtu anaitafuta mwenyewe, kwa hiyo mwenye kazi ya mikono aitwe kwa kazi yake. Na mimi nitamwita kwa yake, ingawa nilipohamia pale alikuwa ameshastaafu na ng'ombe aliowachoma sindano walikuwa wa majirani tu, kwa shukrani ya kibuyu cha maziwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na masikio makubwa ambayo watoto wa mtaa walidai anasikia nayo ng'ombe wa Magu wakicheua. Suti yake ya Kaunda ilikuwa rangi ya udongo, kola yake nimeigeuza mara tano, mpaka nikamwambia, "Bwana Mifugo, hii sasa nashona uzi juu ya uzi, nguo yenyewe ilishaondoka." Akanijibu niendelee, maana uzi nao ni nguo. Kila asubuhi alipita barazani pangu na mkoba wake wa ngozi begani. "Shikamoo, Bwana Mifugo." "Marahaba. Umelalaje? Na cherehani zimelalaje?" Hakuwa anatania. Alingoja nimjibu kuhusu cherehani.

Mkoba ule zamani ulibeba sindano na chupa za dawa. Nilipomjua mimi ulibeba kitu kimoja: jembe kuukuu, lisilo na mpini, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Halikuwa jembe la dukani. Lilikuwa la kufuliwa kwa nyundo, pana kama jani la mgomba lililokatwa, na shingoni lilikuwa na mikato mitatu midogo, sambamba. Alilitoa na kulionyesha kwa watu kama wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Ajabu yake ilikuwa hii. Mzee huyu alijua koo za ng'ombe kuliko wenye ng'ombe. Mtu alikuja analalamika kwamba mtamba wake hataki kushika mimba, naye aliuliza, "Huyu si wa yule mwenye baka jicho la kushoto? Mama yake naye alichelewa. Na bibi yake alinunuliwa Bariadi, nako walichelewa." Alirudi nyuma vizazi vitano bila kukuna kichwa. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe ni wa nani, alitaja baba, akataja babu, akanyamaza. Hapo barabara ilikwisha.

Wazee wa Kisukuma wakisalimiana kwa heshima, "mwangaluka" haitoshi. Wanataka useme wewe ni wa ukoo gani, ndipo salamu ikamilike. Nimemsikia kwa masikio yangu akiulizwa hivyo na mzee mmoja pale kwenye mnada, naye akajibu, "Mimi ni wa Kisesa." Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Kisesa ni jina la kituo cha gari, bwana! Nimekuuliza ukoo." Bwana Mifugo alicheka naye. Alipofika barazani kwangu hakuwa anacheka tena. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa vikombe viwili mfululizo.

Babu yake alikuwa mfua majembe. Alifika upande huu wa Kisesa kabla watu hawajazoea majembe ya kiwandani, akiwa kijana, kwa miguu, mikono mitupu. Hilo la mikono mitupu liliwashangaza watu hata wakalihadithia watoto wao: fundi gani anasafiri bila nyundo? Aliomba ngozi za mbuzi akatengeneza mivukuto, akaokota jiwe la kufulia, akaanza kazi. Majembe yake yalikuwa mazuri, yakapendwa, akaoa, akapata mtoto mmoja wa kiume. Lakini kwao hakukutaja. Mkewe alimuuliza, akachochea moto. Mtoto alimuuliza, akamwambia ashike koleo vizuri. Alichowaachia ni mambo mawili: ile alama ya mikato mitatu, na neno kwamba sisi hatuvuki maji. Akafa hivyohivyo, amefunga mdomo.

Huku kwetu mtu akifa, jambo la kwanza ni kupeleka msiba kwao. Hata kama waligombana, hata kama hawajaonana miaka thelathini, anatumwa mtu aende asimame mlangoni aseme: nimeleta msiba. Na wao walie. Msiba usiopelekwa haujaisha, na marehemu anabaki kama mgeni aliyepitiwa na usingizi kwa watu. Baba yake Bwana Mifugo alimlilia mfua majembe peke yake, na yeye alipokuwa anakata roho alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Babu yako kwao hawajui kama alikufa. Mimi nimeshindwa. Peleka msiba."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mifugo ilikuwa njia tu ya kufika kwenye nyumba za watu. Miaka yote ya utumishi alichanja, akapima josho, akawakaripia wenye ng'ombe kwa uchafu wa mazizi, kisha akishanawa aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Humu ndani hakuna jembe la zamani?" Alikuwa amejifunza kwamba mtoto wa mfua chuma anarithi alama ya baba yake. Kwa hiyo jembe lenye mikato mitatu lililo la zamani kuliko babu yake lingekuwa limetoka kwa baba wa babu yake. Na lilikotoka hilo, ndiko kwao.

Watu hawakumwelewa. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, anatafuta vyuma vikuukuu? Wakasema huyu anatafuta mali aliyoifukia Mjerumani. Kuna kijiji huko Kwimba alikaa chini ya mti akamenya chungwa, akaondoka. Kesho yake wakapachimba pale alipokaa mpaka wakafikia mwamba. Aliporudi mwezi uliofuata akakuta shimo, akauliza, "Mnachimba choo mbona karibu na njia?" Hadithi hiyo aliipenda. Aliihadithia huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Na mwiko wake alikuwa ameufanya taa ya kumulika. Kila ukoo una mwiko wake, aliniambia. Wako wasiokula pundamilia, wako wasiogusa kambale. Akipata ukoo usiovuka maji, amepata ndugu. Aliuliza Magu, akauliza Shinyanga, akauliza mpaka Meatu. Hakuna. Mama mmoja alimjibu, "Baba, watu wasiovuka maji utawatafutaje huku kwetu ambako maji ya kuvuka hayapo?" Alilirudia jibu hilo kwangu kama kichekesho. Wala hatukulifikiria zaidi, mimi na yeye, wajinga wawili.

Alikuwa na kero zake, sitasema malaika. Alikuwa mbishi. Aliingilia mazungumzo ya wateja wangu kuwasahihisha jina la ugonjwa wa kuku. Alikuwa na huruma kwa mnyama kuliko kwa mtu aliyechelewa. Ng'ombe akichinjwa aliondoka asione, lakini mimi nikichelewa kumaliza suruali yake siku moja nilisomewa mashtaka. Na hakujua kufariji. Mume wangu aliponiacha akahamia Geita, Bwana Mifugo alikuja, akakaa kwenye benchi mchana kutwa bila kusema neno, jioni akasimama akasema, "Basi, Fundi." Siku iliyofuata akaja tena akakaa. Alifanya hivyo juma zima. Leo nikikumbuka nani alinifaa wakati ule, ni yeye.

Mkewe alifariki mwaka wa tatu wa ujirani wetu. Pale kaburini katekista akafuata utaratibu: ndugu wa upande wa mke wasogee waweke udongo. Wakasogea, wakajaa, foleni ikazunguka mihogo. Kisha: ndugu wa upande wa mume. Akasogea yeye, na binti yake aliyetoka Dar, na mjukuu mmoja mgongoni. Basi. Katekista akangoja. Watu wote tukangoja, tukidhani wako wengine nyuma. Bwana Mifugo akainua uso akasema, kwa adabu tu, "Endelea, Katekista. Ndio sisi." Mungu anisamehe, siku ile nililia kuliko nilivyomlilia marehemu.

Nililia pia kwa sababu nyingine, na hapa naisema.

Miaka miwili kabla sijahamia ukuta kwa ukuta na mzee huyu, mama yangu alifariki akaniachia vitu vyake: kinu, magunia, vyungu viwili, na jembe. Aliliita Jembe la Shangazi. Nikiwa mdogo aliniambia ni mahari ya shangazi yake, aliyeolewa ng'ambo ya maji, Sengerema, kwa watu waliofua chuma, na kwamba baba wa huyo shangazi alikataa kulilimia kwa vile binti aliondoka mbali sana. Lilikaa darini kwetu tangu nazaliwa. Mimi nililiona kutu tu. Siku moja akapita mtu wa chuma chakavu na baiskeli yake, mabeseni yamepangwa nyuma yanang'aa, nami nilihitaji beseni la kulowekea vitambaa. Nikampa jembe, akanipa beseni la kijani. Nikaona nimempiga bao.

Shingoni lilikuwa na mikato mitatu. Nilikuwa nimeipitisha kidole utotoni mara ngapi sijui.

Juma la kwanza la ujirani wetu Bwana Mifugo alitoa jembe lake kwenye kanga, akaniwekea mapajani, akaniuliza, "Kwenu hakuna la namna hii?" Nikaona ile mikato. Nikasema, "Hakuna." Kwa kweli halikuwepo! Nilijiambia sijadanganya. Ni aibu tu ilinikamata ulimi: ningemwambiaje mzee wa watu kwamba kile anachokililia nimebadilishana na beseni, na beseni lenyewe ndilo hili ameketi kando yake? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho akaniita Fundi, kwa heshima, mbele ya wateja. Nikasema keshokutwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilichukua miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo alinawia mikono kwenye beseni lile mara nyingi tu. Mchana nikipika ugali nilimwekea maji humo, akanawa, akala, akashukuru.

Tena si kwamba hakupata kitu. Alipata majembe mawili ya mikato mitatu, moja Misungwi, moja upande wa Magu. Nakumbuka alivyorudi na habari ya la pili: alitembea kama kijana aliyepata barua ya posa. Akaenda kwenye nyumba ile mara nne, mara tano. Akawaomba wazee wahesabu mababu zao. Hapakuwa na mfua chuma hata mmoja. Wote wakulima tangu Adamu. Misungwi vilevile. Alikaa benchi mchana kutwa akaniambia, "Fundi, jembe lipo, alama ipo, watu hawapo. Mnyama gani huyu ana kwato bila nyayo?"

Nilijua kosa lake. Mwanamke yeyote angelijua. Alikuwa anafuata jembe pale lilipolala, na jembe la mahari halilali kwa aliyelitoa. Linaenda kwa wazazi wa binti, na binti ndiye anayeondoka kwenda lilikotoka. Mzee aliyejua ng'ombe kwa mama zao, alipofika kwa binadamu akauliza wanaume tu, na wanaume wakamhesabia wanaume. Hakuna aliyemuuliza: jembe hili liliingia humu siku alipotoka nani?

Nilinyamaza hata hapo. Kusema hivyo kungefungua mlango wa habari ya beseni.

Kisha sukari ikamshika miguu. Kwanza kidole, kikaondolewa. Kisha unyayo wa kulia haukupona. Aliyetembea Kwimba mpaka Meatu akawa anatoka kitandani hadi dirishani kwa kushika ukuta. Binti yake akaja kumuuguza. Siku moja nilimpelekea uji, nikamkuta ameliweka jembe kifuani, juu ya shuka. "Nami nimeshindwa, Fundi," akasema. "Baba alishindwa, nami nimeshindwa. Na sina mtoto wa kiume wa kumwambia apeleke." Binti yake alikuwa jikoni, alisikia. Mimi nikaona nikiondoka humo bila kusema neno, mimi si mtu.

Nikasema nusu. "Bwana Mifugo, piga simu Misungwi. Usiongee na wazee wa kiume. Mwombe bibi wa nyumba. Muulize jembe lile ni mahari ya nani, na huyo binti aliolewa wapi."

Alinitazama. Nikaona macho yake yanatembea, yanatembea, halafu yakasimama. "Yesu na Maria," akasema. "Umejuaje?"

"Sisi wanawake tunajua tulikopelekwa," nikajibu, nikachukua kikombe nikatoka.

Bibi wa Misungwi akasema binti aliolewa ng'ambo, Sengerema. Bibi wa Magu akasema Sengerema, akataja na kijiji. Bwana Mifugo akaiweka simu juu ya shuka. Ng'ambo! Kule ambako asingeweza kwenda kutafuta hata siku moja, kwa kuwa kwao hawavuki maji.

Akaanza kubishana na mwiko wake, na ubishi wake ulikuwa mtamu kuusikia. Daraja sasa lipo, akasema, na mtu akipita juu ya daraja havuki maji, anavuka daraja. Gari halielei. Akaniagiza nimpigie pasi ile suti ya Kaunda. Asubuhi ya safari tulimvalisha, tukamwinua mimi na binti yake. Akasimama. Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo. Kisha magoti yakakataa, tukamshika asianguke, tukamrudisha kitandani na suti yake.

Akanikabidhi mkoba. "Nenda wewe, Fundi. Usiseme mengi. Simama mlangoni, sema umeleta msiba. Kisha angalia kama watalia."

Nilitoka Kisesa kwa daladala, nikapanda basi Nyegezi, tukapita juu ya ghuba nikiukumbatia mkoba ule kama mtoto mgonjwa. Kutoka lami nikachukua bodaboda. Mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa bibi mmoja mzee sana, macho yameingia ukungu, amekaa kwenye kigoda anapepeta mtama kwa mazoea tu. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikalifungua jembe nikamwekea mikononi. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe shingoni. Kikahesabu. Mmoja, wa pili, wa tatu.

"Hili la kwetu," akasema. "Umelitoa wapi?"

"Kisesa, bibi. Ng'ambo. Nimeleta msiba."

"Wa nani?"

"Wa mfua majembe aliyeondoka hapa akiwa kijana, akaja kwetu, akafia kwetu. Ni zamani. Tumechelewa."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyo tulishamzika, mwanangu. Alikufa majini."

Akaomba mkono wangu nimwinue. Nyuma ya nyumba, kwenye mkonge, kulikuwa na marundo mawili ya mawe. Aliyajua kwa fimbo yake. Walikuwa ndugu wawili, akasema, mkubwa na mdogo, watoto wa mfua chuma. Bibi yake yeye alikuwa dada yao. Walikuwa wanavusha majembe kwenda kuuza upande wa pili. Baba yao aliwaambia mzigo ni mzito kwa mtumbwi ule, wapunguze. Mkubwa akasema utabeba. Haukubeba. Siku ya tatu maji yakautoa mwili wa mdogo. Mkubwa hakuonekana, wakamngoja, kisha wakanyoa nywele, wakalia, wakazika nyundo yake iliyobaki kwenye jiwe la kufulia. Mama yao hakula samaki tena mpaka alipokufa.

"Sasa wewe unasema alifika?" bibi akauliza.

"Alifika. Alikaa kwetu akafua majembe. Alioa. Alipata mtoto, na mtoto akapata mtoto, ndiye aliyenituma. Alizeeka, bibi."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amekaa chini, mikono kichwani, mpaka majirani wakaja mbio. "Angerudi!" alikuwa anasema. "Tungemwambia nini sisi? Angerudi tu!"

Nilirudi Kisesa siku iliyofuata, mchana. Bwana Mifugo alikuwa ameegemeshwa mito karibu na dirisha, bado anakataa kuvua koti la ile suti. Nikamhadithia yote, bila kuruka. Nilipofika kwenye mtumbwi alifumba macho. Nilipofika kwenye kilio aliuliza, "Kwa sauti?" Nikasema kwa sauti, mpaka majirani walikuja. Akavuta pumzi ndefu.

Kisha akasema, "Kwa hiyo si mwiko."

"Si mwiko, Bwana Mifugo."

"Nimetafuta ukoo usiovuka maji miaka hamsini. Ulikuwa ukoo wa mtu mmoja." Akalipapasa jembe nililomrudishia. "Alipakia mzigo, mdogo wake akafa, akaona aibu kurudi. Basi. Akafunga mdomo maisha yote kwa aibu. Na wale wangempokea?"

"Bibi alisema angerudi tu."

"Kwa nini hakusema?" Aliuliza kwa uchungu, kama mfua majembe amekaa pale kwenye kiti. "Hata kwa mkewe! Kwa nini mtu asiseme?"

Kwenye kiti nilikuwa nimekaa mimi. Nikasema, "Kwa sababu siku ya kwanza hukusema. Ya pili unaona aibu ya jambo lenyewe na aibu ya jana. Mwishowe huwezi kuibeba yote mara moja ukamfikishia mtu." Akageuka kunitazama. Nikamwambia. Jembe la Shangazi, mikato mitatu, mtu wa baiskeli, beseni. Nikamwambia nilijua Sengerema tangu siku ile ya kwanza alipoliweka jembe mapajani pangu.

Jikoni binti yake alikuwa anaosha vyombo, nikasikia kila kijiko.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na miguu, Fundi."

Akaugeuzia uso ukuta. Nilitaka kuondoka, nikakumbuka alivyokaa kwenye benchi langu juma zima bila neno, nikabaki. Jua lilitoka kwenye miguu ya kitanda likahamia sakafuni.

Halafu akauliza, bado anatazama ukuta, "Ni lile la kijani? La barazani?"

"Ndilo."

"Kalilete. Na maji."

Nilimwaga vitambaa vilivyokuwa vimelowekwa, nikalisugua, nikalijaza maji ya uvuguvugu, nikaliweka kwenye kiti kando ya kitanda. Aliinuka kwa kiwiko. Aliligonga kwa ukucha, plastiki ikatoa mlio wake wa kipuuzi, na nusu ya tabasamu ikampita usoni, ikaenda. Akakunja mikono ya koti lake.

"Watu wakitoka kuzika," akasema, "wananawa."

Akaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo vya mikono, akaiacha humo, akanawa taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyonawa zamani akimaliza kuchanja. Nikampa taulo. Hakulichukua. Alilisogeza beseni kwangu kwa kiganja chenye maji.

"Nawa na wewe."

Nikanawa.